Kibarua Bila Barua

Neno kibarua tunalitamka kila siku huku Karagwe na Kyerwa bila kulifikiria. Fulani ni kibarua. Fulani kibarua chake kimeota nyasi. Lakini kwa asili kibarua ni barua ndogo. Zamani, katika miji ya pwani, mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba kazi ameifanya, na polepole jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Wakati wa ukoloni kikaja kipande, kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi. Baba yangu mdogo, aliyechimba bati Kyerwa ujanani, alikilaani kipande hicho mpaka kufa kwake, maana siku ambayo msimamizi hakuridhika haikutiwa alama. Hata hivyo alikitunza sandukuni.

Siku hizi karatasi imetoweka, jina limebaki. Anayepalilia migomba, anayechuma kahawa, anayechunga ng'ombe, msichana wa kazi za ndani, karibu wote wameajiriwa kwa mdomo. Wakidai haki huulizwa kwanza: mkataba wako uko wapi? Wengi hapo hunyamaza na kurudi nyumbani.

Mimi nilistaafu ualimu, na watu huniletea barua zao niwaandikie. Mwaka jana alinijia mlinzi wa shule moja ya binafsi, mtu wa makamo, aliyelinda lango lile miaka sita. Jioni moja aliambiwa asije kesho. Hakupewa sababu wala notisi. Daftari alilotia saini kila jioni lilikuwa ofisini kwa mwajiri, na mkataba hakuwahi kuuona.

Nilimweleza jambo ambalo wengi hawalijui. Kukosa mkataba wa maandishi hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mlinzi huyu alizimaliza saa hizo katika juma moja! Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi na kuyahifadhi. Akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Vivyo hivyo katika kuachisha kazi: mwajiri ndiye athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa miaka sita, hizo ni siku 42, mbali na fidia anayoweza kupewa akishinda.

Akaniuliza kwa nini basi watu hawaendi. Nikamwuliza aliachishwa lini. Zilikuwa zimepita siku 43.

Hapo ndipo penye ugumu. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini kwetu mtu mwenye adabu hakimbilii serikalini. Hupeleka kwanza wazee, wazee hupanga siku, mwajiri husafiri, siku hupangwa tena. Nauheshimu utaratibu huo, ila mwajiri mjanja anaweza kuutumia kumaliza mwezi. Ofisi ya Tume nayo iko Bukoba. Kutoka Nkwenda unapita Omurushaka, kisha Kyaka, na nauli ya kwenda na kurudi si kitu kidogo kwa mtu asiye na mshahara.

Wanaotaabika zaidi ni waliovuka mpaka kutoka Rwanda au Burundi kutafuta kazi za shamba. Mwaka 2013 serikali ilipowaamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke Kagera, maelfu waliondoka, na nawajua wenye mashamba ambao madeni yao ya ujira yalifutika siku hiyo. Hakuna aliyewafuata kuwalipa. Mtu asiye na kibali atamshtaki nani, wakati mlango wa ofisi ndio anaouogopa?

Mlinzi wetu alikuwa na njia. Aliyechelewa anaweza kuiomba Tume imwongezee muda, akieleza sababu. Tukaandika habari za wazee na tarehe zao zote. Ushahidi je? Akatoa simu, ndogo, ya vitufe. Mshahara wake ulikuwa ukitumwa kwa simu, na ingawa alifuta ujumbe mwingi, wa miezi kumi na minne ulikuwepo, kila mmoja na jina la mhasibu, kiasi na tarehe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo haukataliwi kwa sababu tu si karatasi.

Nilizinakili tarehe zote kwa mkono, nikamkataza kufuta chochote au kumwazima mtu simu. Jumanne alipanda gari la alfajiri. Kabla hajaondoka nilimwuliza kama simu ina chaji. Akacheka, akasema ameilaza dukani usiku kucha, na amelipia.