Zimwi Likujualo

Mara ya kwanza nilipomwona Godzilla, nilidhani ni mamba wa Tana.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulilipa shilingi kumi kumi kuingia kibanda cha video karibu na soko, mabati juu na pembeni, na joto la Garissa unalijua. Mwenye kibanda alipunguza sauti ya muvi, akashika maiki na kuanza kutusimulia mwenyewe kwa Kiswahili, akimwiga DJ Afro. Ilikuwa Godzilla ya 1998, ile ya Roland Emmerich, lakini sisi tungejulia wapi. Tulichoona ni dubwana limetoka majini, limeingia mjini, na watu wanatoka mbio. "Huyu jamaa hana ubaya," mwenye kibanda akasema, "amekosa tu nauli ya kurudi baharini." Tulicheka mpaka tukasahau joto.

Nyumbani nilimsimulia ayeeyo muvi yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Huyo mnyama anakula watu, ama anawakanyaga tu?" Nikasema anawakanyaga. "Basi si Dhegdheer," akasema, na kurudi kwa tasbihi yake.

Kwa ambao hawakulelewa na ayeeyo wa Kisomali: Dhegdheer ndiye mla watu wa hadithi zetu, mwanamke mwenye sikio refu anayesikia nyayo zako ukiwa bado mbali. Kwa jinsi ayeeyo alivyosimulia, alipokuwa hai nchi ilikauka, na siku aliyokufa mvua ikanyesha. Zimwi la ayeeyo lilikuwa na kazi ya kufanya. Lilieleza ukame. Zimwi lisiloeleza kitu, kwake lilikuwa mnyama mkubwa tu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Wajapani walianza na wazo hilo hilo. Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Japani waliokuwa ndani ya mashua iitwayo Daigo Fukuryū Maru. Novemba 3 mwaka huo huo, kampuni ya Toho ikatoa Gojira ya Ishirō Honda, na muvi inaanza na mashua inayoteketea baharini. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka kwa maneno mawili, la sokwe na la nyangumi. Ule mngurumo ni kazi ya Akira Ifukube, aliyepitisha glavu ya ngozi juu ya nyuzi za besi. Ndani ya lile gamba zito alikuwemo mtu, Haruo Nakajima, akitokwa na jasho. Yaani kila kitu kilikuwa cha kuunda kwa mkono, isipokuwa hofu.

Mwaka 1956 Wamarekani wakaikatakata, wakamweka ndani Raymond Burr kama mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya maneno kuhusu bomu ikabaki chini. Kwa hivyo mwenye kibanda wetu hakuwa wa kwanza kusimulia juu ya picha za wengine.

Sasa nikueleze kuhusu dubwana letu.

Juu ya mto Tana kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikinyesha sana Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa yakifurika, maji yanashuka kuja kwetu. Unaweza kuwa umekaa Garissa, anga ni bluu, hakuna hata wingu la kusingizia, na mto unapanda. Watu wa mto huwa wananusa hewa na kutazama rangi ya maji. Abo yangu ana shamba la ndizi na tikiti kando ya mto, na akisema "leo maji yana sura mbaya," tunabeba vitu.

Halafu kuna ile miaka ambayo hakuna kinachokuja kabisa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo Kaskazini Mashariki. Mizoga ilikuwa kando ya barabara. Ndugu za abo walio na mifugo walibaki na fimbo mkononi na hawana cha kuchunga. Baada ya hapo, mwishoni mwa 2023, El Niño ikaleta mvua yote kwa pamoja. Barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo, bei ya unga ikapanda, na mitaa ya chini kama Bula Punda na Ziwani ikawa ya kuingiwa kwa mashua. Aprili 2024 mafuriko yakarudi, na mashua iliyobeba watu ikapinduka katika maji hayo ya barabarani. Wengine hawakutoka.

Shamba la abo lilienda Novemba 2023. Ndizi, mabomba, na ile injini ya kuvuta maji aliyokuwa hajamaliza kulipia. Na hapo ndipo hadithi yangu inaanza, ile ambayo mtaa mzima unaijua: kijana alikuwa chuo kikuu Nairobi, mwaka wa pili, mto ukabeba karo, akarudi nyumbani. Maskini. Watu walinipa pole. Kuna mama alimwambia hooyo kwamba Tana imekula digrii ya mtoto wake.

Si kweli. Mto haukula digrii yangu. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda darasani tangu muhula wa kabla ya hapo. Nilikuwa nalala mchana na kuandika usiku, nikiandikia watu makala za kulipwa kidogo, nikijiambia nitalipia masomo niliyoanguka. Mitihani ilipofika sikuingia. Sikumwambia mtu. Maji yalipofika shambani nilikuwa tayari nimekwama miezi, na nilipopigiwa simu kuambiwa injini imeenda, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu.

Niliibeba siri hiyo hadi katikati ya 2024, nilipopata Godzilla Minus One. Nilirushiwa na rafiki, nikaitazama kwa simu, usiku, nje ya nyumba kwa sababu ndani kulikuwa kama oveni. Kama hujaiona: Koichi Shikishima ni rubani aliyetumwa akajilipue mwishoni mwa Vita vya Pili. Anatua kisiwani akidai ndege yake ina hitilafu. Ndege haina hitilafu. Usiku huo Godzilla anatokea, na karibu kila mtu kisiwani anakufa. Shikishima anarudi Tokyo iliyoungua akiwa na uongo wake, na miaka inapita, na yule dubwana anaendelea kukua.

Nilisimamisha muvi pale mwanzoni, mafundi wanapoikagua ndege na kukosa ubovu. Nilikaa nayo hivyo kitambo, picha imeganda. Jamani, nilijiona.

Hiyo muvi ya Takashi Yamazaki iligharimu, kulingana naye, chini ya dola milioni 15, na kazi ya picha za kompyuta ilifanywa na kikundi cha watu 35. Machi 2024 ikachukua Oscar ya madoido, ya kwanza katika historia ya Godzilla. Mwezi huo huo Hollywood ikatoa Godzilla x Kong: The New Empire, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 100. Humo Godzilla analala ndani ya Colosseum ya Roma amejikunja kama paka wa jirani.

Mdogo wangu anaipenda hiyo ya paka. Yuko sekondari, na tukikutana likizo tunabishana mpaka hooyo anatufukuza. Yeye anataka Kong na Godzilla waendelee kupigana bega kwa bega hadi kiama, na anahesabu siku za ile inayokuja 2027. "Kwani wewe unataka nini? Watu walie?" aliniuliza.

Nilifikiria swali lake sana. Ndiyo, nataka walie kidogo. Lakini zaidi nataka mambo haya.

Nataka dubwana lisiwe rafiki kabisa. Waswahili wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi nilikuwa naichukua methali hiyo kama faraja. Siku hizi naisikia tofauti. Methali haisemi zimwi halikuli. Inasema litakubakisha. Sisi wa Tana ni mabaki ya aina hiyo: mto unatujua, unatulisha, na kila baada ya miaka unachukua sehemu yake. Godzilla aliyegeuzwa mlinzi wa dunia hawezi kunieleza hilo.

Nataka mikutano. Shin Godzilla ya 2016, iliyotengenezwa miaka mitano baada ya tsunami na ajali ya Fukushima, imejaa wakubwa wanaohama kutoka chumba kimoja cha mkutano hadi kingine huku dubwana likitembea mjini. Wengine waliona inachosha. Mtu yeyote aliyewahi kungoja msaada akiwa juu ya paa hawezi kusema inachosha.

Na nataka asubuhi inayofuata. Toho imetangaza kwamba Yamazaki anarudi na Godzilla Minus Zero. Sina haja ya dubwana kubwa zaidi. Naomba atuonyeshe anayefagia matope, anayedaiwa injini isiyokuwepo, na anayesema ukweli akiwa amechelewa. Siku moja ningependa pia mtu atengeneze yetu, yenye mto wa kahawia na anga isiyo na wingu. Ikibidi nitaiandika mimi. Muda ninao.

Nilimwambia abo ukweli Ramadhani iliyofuata, baada ya kufuturu, tukiwa wawili shambani. Alikuwa ameshapanda tena, mahali palepale, ila amesogeza injini ya mkopo hatua kama ishirini kutoka ukingoni. Nilisema yote bila kupumzika: madarasa, mitihani, ile nafuu. Alikuwa anakaza nati ya bomba na hakuacha kukaza.

"Kwa hivyo hata maji yasingekuja," akasema.

"Hata yasingekuja, abo."

Alinyamaza muda mrefu. Chura walikuwa wanapiga kelele upande wa mto. Halafu akasema, "Basi huo mto tumeusingizia," na akaniomba spana namba kumi na saba. Sijui kama amenisamehe. Hajamwambia hooyo, na amesema hiyo ni kazi yangu.

Kabla sijaondoka alitazama maji, akanusa hewa, akasema yana sura nzuri leo. Hata hivyo tulibeba injini.