Mwili Nao ni Zawadi

Mwanafunzi wa chuo anapokuja kwangu kuombewa, humuuliza kwanza: unalala vizuri? Unakula? Mara ya mwisho umetembea kwa miguu lini? Wengine hucheka. Wanakumbuka kwamba Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Lakini wapendwa, kidogo si bure.

Kijana mmoja anayesoma Mbeya alirudi likizo Iringa akitaka kuacha chuo. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Darasani alikwenda kwa bajaji, na usiku aliumaliza kwenye simu. Tuliomba, kisha tukapanda Gangilonga, jiwe ambalo Wahehe huliita jiwe linaloongea. Huko juu akayasema yaliyomshinda kusema ofisini. Aliporudi Mbeya akaanza kwenda darasani kwa miguu kila asubuhi, mlima Loleza ukiwa mbele yake. Alimwona pia daktari. Usingizi ukarudi, na hamu ya kusoma na kusali ikarudi nao.

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima dakika 150 za mwendo kwa wiki, angalau. Ni nusu saa tu, siku tano.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tuliyofundishwa Kipaimara, Luther anapomshukuru Muumba anataja mwili pamoja na roho: macho, masikio, viungo vyote. Basi wazazi, mnapowapigia vijana simu kuuliza ada na mitihani, waulizeni pia: leo umetembea?