Kesho Si Mali Yetu

Wahenga walisema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Mithali hii husikika sana huku kwetu kusini ya Mombasa, tangu Likoni na Diani hata Msambweni na Vanga, lakini watu hawaifahamu kwa namna moja. Yuko aisemaye akiwa na mshahara mkononi, na maana yake ni kwamba fedha na ziliwe usiku huu, kwa kuwa kesho haijulikani. Yuko na mwingine ambaye, kwa sababu ile ile ya kutoijua kesho, hapati usingizi: huhesabu karo, kodi na madeni, hata alfajiri ikamkuta amechoka kuliko alivyolala. Mimi ni Mkristo, na mara nyingi nimejiuliza imani yangu yawaambia nini watu hawa wawili.

Sisi Wakristo wa Kwale tu wachache kati ya majirani Waislamu, na kutwa twasikia neno "Inshallah." Siku moja nilimwamkia jirani yangu, mzee wa Kidigo mcha Mungu, kisha nikamwuliza mbona wengine hulitumia neno hilo ili kukwepa ahadi. Akanijibu, "Mwanangu, neno hilo ni la mtu aliyekwisha tia nia. Asiye na nia hana la kumkabidhi Mungu." Niliporudi nyumbani nilifungua Waraka wa Yakobo, nikaona kuwa mafundisho ni yale yale. Mwandishi wake awakemea wafanya biashara waliojisifu kwamba watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mzima na kupata faida, hali uhai wao ni kama mvuke. Hakuwakataza kufanya biashara. Aliwataka wakumbuke tu kwamba mwaka ule si mali yao.

Nasi watu wa ng'ambo ya kivuko twalijua jambo hilo vema. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka, na watu 272 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa katika safari yao ya kila siku ya kwenda kutafuta riziki. La hasha, sisemi kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko sisi tuliosalia. Bwana Yesu mwenyewe alikataa fikira hiyo aliponena juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Nasema tu kwamba kila mmoja wao alikuwa na jambo aliloliweka la jioni, kama mimi na wewe tulivyo nalo sasa.

Je, basi tusiweke akiba? Tutazame habari ya Waisraeli jangwani. Waliamriwa kuokota mana ya siku moja tu, na waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Lakini siku ya sita waliamriwa kuokota sehemu mbili kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Wavuvi wetu wa Gazi na Msambweni waweza kuieleza habari hii kuliko mimi. Samaki aliyeachwa hivi hivi ataharibika, lakini mvuvi akimpasua, akamtia chumvi na kumwanika juani, atakuwa ng'onda wa kuliwa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Tofauti ni kazi iliyofanywa siku ile ile aliyovuliwa. Kuweka akiba ni kazi ya leo. Kukesha kwa hofu si kazi ya siku yo yote.

Liko jambo zito zaidi. Katika Kwale jamaa nyingi wameishi juu ya ardhi kwa vizazi bila hati ya kumiliki, na nimewasikia vijana wakisema, "Nipande mnazi wa nini, nami pengine nitafukuzwa kabla haujazaa?" Swali hili ni la haki, kwa maana mnazi wetu mrefu hutaka miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Lakini yule mzee jirani yangu, aliyekwisha kupita miaka sabini, hupanda michache kila masika. Nikimtazama hukumbuka barua ya nabii Yeremia kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aliwaambia wajenge nyumba na kupanda bustani katika nchi isiyokuwa yao. Tena yeye mwenyewe, Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa na adui, alinunua shamba, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaagiza ihifadhiwe katika chombo cha udongo. Hapo twaona mambo mawili pamoja: yeye atumainiye huipanda mbegu, tena huifuata hati yake ofisini bila kuchoka. Imani haimwambii mkulima anyamaze asidai haki yake.

Nasi tufanyao kazi maofisini tuna sehemu yetu katika neno hili. Mama mmoja atoka Lungalunga na karatasi yake, amekopa nauli, amemwacha mtoto kwa jirani. Afika dirishani, naye karani amwambia, "Njoo kesho," ijapokuwa muhuri u mezani na wino haujakauka. Kitabu cha Mithali chatukataza waziwazi kumwambia jirani aende akarudi kesho, ikiwa kitu anachokitaka tunacho. Nimelifikiri katazo hilo sana, na naona sababu yake ni hii: karani yule amegawa kitu kisicho chake. Kesho ni ya Mungu. Kilichokuwa chake ni dakika tano za leo, na hizo ndizo alizomnyima yule mama.

Hivyo ndivyo ninavyoifahamu mithali ya wahenga. Kuishi siku kwa ukamilifu si kuila yote, wala si kuitumia kwa kuiogopa ile inayofuata. Ni kumpa kila mtu haki yake kabla jua halijatua: mke neno jema, mtoto sikio, mdai fedha zake ikiwa zipo, na ndugu tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba salamu ya kwanza. Yatakayobaki tuyaweke mikononi mwa Mungu, maana tumekwisha tia nia.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujazima taa usiku huu, tazama kama yuko mtu uliyemwambia "kesho" bila sababu. Kama nyumba yake i karibu, na mlango haujafungwa, nenda.