Picha ya Baba na migomba ya Nkubu

Ukutani mwa sebule yangu hapa Nairobi kuna picha ya Mlima Kenya aliyoichora marehemu baba. Wageni kutoka kwetu huitazama na kucheka: "Hii ni Siakago gani yenye migomba?"

Kicheko hicho nakijua. Mimi ndimi niliyekianza.

Baba alikuwa akiandika mabango ya maduka mjini Embu, na rangi iliyosalia mikebeni aliichorea picha. Mwaka wa 1984 mvua ilikosekana. Wa rika langu wanayakumbuka mahindi ya njano. Kwetu Siakago ardhi ilipasuka na mbuzi wakafa. Mama akatuchukua sisi wanawe, akatupeleka kwao Nkubu, upande wa Meru, kwenye kahawa na migomba. Baba akabaki peke yake.

Tuliporudi mwaka uliofuata tuliikuta picha hiyo. Mlima mweupe pepepe, chini yake boma letu, na kandokando migomba tele. Nilikuwa na miaka 12 na ujuaji mwingi. Nikasema, "Baba, umedanganya. Hapa hapajaota mgomba." Hakunijibu. Aliigeuza picha ikatazama ukuta, akaenda kazini.

Nilikuja kufahamu nikiwa mtu mzima, nilipokwenda Murang'a kuiona michoro iliyo ukutani mwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo. Elimo Njau, msanii kutoka Tanganyika, aliichora mwaka wa 1959, nchi ikiwa bado na majeraha ya Hali ya Hatari. Maisha ya Yesu aliyaweka papo hapo, katika vilima vya Wagikuyu. Je, nani atasema alidanganya, eti Bethlehemu haiko Murang'a?

Baba naye hakuchora shamba. Alichora mahali tulipokuwa sisi, akapaleta nyumbani.

Siku hizi barafu ya Lewis kule mlimani, iliyopimwa mwaka wa 1934, imebaki kipande tu. Mwanangu huniuliza kama weupe ule wote ulikuwapo kweli. Humjibu ndiyo. Kisha huuliza kuhusu migomba. Hapo pia humjibu ndiyo.

Mpenzi msomaji, kama una mzee achoraye, aimbaye au asimuliaye, usiwe mwepesi wa kumsahihisha. Muulize kwanza alikuwa akimkumbuka nani. Mimi sikuuliza, na sasa hakuna wa kunijibu.