Kalamazoo, mji wa magitaa na pikapu adimu

Ukilisikia jina Kalamazoo yamkini utadhani ni kijiji cha hadithi za watoto. La hasha! Ni mji halisi katika jimbo la Michigan, Marekani, karibu nusu ya safari ukitoka Chicago kuelekea Detroit. Garimoshi la kutoka Chicago hukufikisha kwa muda wa saa mbili unusu hivi, na ukishuka huoni maajabu: maduka, chuo kikuu, na mto ulio na jina lile lile la mji. Zamani uliwahi kusifika kwa mashamba ya selari.

Lakini iwapo una gitaa kuukuu la umeme ambalo umeazimia kulifufua, usipoteze wakati mjini. Nenda moja kwa moja hadi nambari 225, Mtaa wa Parsons. Jengo la kiwanda utakaloliona hapo lilijengwa mwaka wa 1917 na kampuni ya Gibson, na kwa miaka mingi dohani lake refu la matofali, lililoandikwa jina la kampuni, lilikuwa ndiyo alama ya mtaa. Gibson walifunga kiwanda hicho mwaka wa 1984, shughuli zikahamia Nashville. Baadhi ya mafundi walikataa kuhama. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao, Heritage, ndani ya jengo hilo hilo.

Hapo ndipo zilipozaliwa pikapu zinazowakosesha watu usingizi. Usije ukafikiria ile gari ya kubebea mahindi! Pikapu ya gitaa ni kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme kidogo huzuka ndani ya waya huo na kusafiri hadi kwenye spika. Bila pikapu, gitaa la Misiani au la Franco lingekuwa kipande cha mbao kinachonong'ona.

Pikapu za awali zilikuwa na koili moja, na udhia wake ulikuwa kunguruma kila zilipokaribia taa au nyaya za stima. Mwaka wa 1955 fundi wa Gibson, Seth Lover, mzaliwa wa papa hapa Kalamazoo, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zinazopingana, mngurumo wa moja ukifuta wa nyingine. Wakati ombi likingoja, kiwanda kilibandika chini ya pikapu kikaratasi cheusi chenye maandishi ya rangi ya dhahabu: PATENT APPLIED FOR, yaani hataza imeombwa. Hataza ilitolewa Julai 1959, ila vikaratasi hivyo viliendelea kutumiwa hadi kama mwaka wa 1962. Vilivyofuata viliandikwa nambari 2,737,842, ambayo, ajabu ya Musa, si ya pikapu hata kidogo. Ni ya kishikizo cha nyuzi alichobuni Les Paul!

Mbona zisakwe hivyo? Ni kwamba hazikufanana. Mfanyakazi aliacha kuzungusha waya alipoona kigurudumu kimejaa, na sumaku ilikuwa ile iliyopatikana siku hiyo. Nyingine hata rangi za plastiki ndani zilichanganyika, moja nyeusi na moja ya maziwa, mafundi wakaziita punda milia. Kwa hivyo kila moja ina sauti yake, na jozi moja leo hugharimu maelfu ya dola.

Bei hiyo imeleta balaa. Pikapu hizo hizo zilitiwa pia katika magitaa ya Kihawaii, yale yanayopigwa yakiwa yamelazwa, na katika magitaa ya jazi. Wachuuzi hununua gitaa zima la aina hiyo, wakaling'oa pikapu kama mwizi anavyong'oa betri ya gari, na kuuza kiunzi kilichobaki kwa bei ya kutupa. Binafsi naona huko ni kuchinja mbuzi mzima kwa ajili ya ulimi wake. Kabla hujalipa, muulize muuzaji pikapu imetoka gitaa gani, na gitaa lenyewe liko wapi.

Tena uwe macho, kwa kuwa vikaratasi bandia ni tele. Tazama kifuniko cha chuma: lehemu iliyokishikilia ikiwa haijaguswa tangu kiwandani, hiyo ni dalili njema, na usikubali yeyote aifungue kwa udadisi tu. Pima ukinzani wa waya. Nyingi huangukia kati ya omu 7,000 na 9,000. Kipimo kikigoma kusoma lolote, waya umekatika mahali.

Hapo usikate tamaa, wala usikimbilie kuwinda nyingine. Wako mafundi wanaozungusha waya mpya juu ya kigurudumu kile kile cha zamani, sumaku ile ile, bamba la chini lile lile. Wanunuzi wa mnada watakunja nyuso. Lakini gitaa lako litalia, na lile la Kihawaii lililo ukutani kwa bibi mmoja huko Michigan litabaki na pikapu yake.