Kijiji Kilichojifungia

Akina mama wenzetu, sisi tulio wauguzi tunajua ilivyo vigumu kumwambia mzazi asitoke na wanawe mahali penye maradhi. Wanawake wa Eyam, kijiji cha milimani huko Derbyshire, Uingereza, waliambiwa hivyo.

Tauni iliingia Eyam mwaka 1665. Husimuliwa kuwa ililetwa na vitambaa vya mshonaji kutoka London. Juni 1666 kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley waliwaomba wanakijiji wasitoke, wasije wakawaambukiza majirani. Ibada zilihamishiwa bondeni, na kila jamaa ilizika wafu wake. Agosti, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita katika siku nane. Mwezi huohuo Catherine, mke wa kasisi, naye akafariki. Kwa jumla walikufa watu wapatao 260.

Lakini hawakuachwa wafe njaa. Watu wa nje waliweka vyakula mpakani, wakachukua fedha zilizolowekwa katika siki.

Hilo tulishike. Tukimwomba mama abaki ndani kwa ajili yetu, basi chakula chake ni juu yetu.