Skripti ya Ankara

Mwaka 2006 Dar es Salaam ilinguruma kwa jenereta. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua, mgao wa umeme ukashika mji. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Mtaa wa Samora, na intaneti tuliipata kwa dishi la setilaiti lililofungwa juu ya paa. Kebo ya baharini ilikuja 2009.

Tulikuwa na seva moja ya Linux. Kila usiku wa manane iliendesha skripti fupi ya Bash, iliyojumlisha dakika za intaneti za kila mteja na kuandika ankara. Aliyeiandika ni dada aliyetutangulia kazini, mtu niliyemheshimu sana.

Chuoni, tofauti ya programu na skripti tulifundishwa kwa mkato: programu ya C hukompailiwa kwanza, skripti husomwa na kutekelezwa papo hapo. Kwa Bash ni kweli. Husoma faili huku ikiendelea na kazi, hata ukilihariri katikati inaweza kuparamia amri nusunusu. Lakini Perl ya Larry Wall, iliyotoka 1987 na ambayo kila mtu aliiita lugha ya skripti, hupitia faili zima kwanza, na ikikuta kosa la sarufi haianzi. Mpaka wa darasani ulikuwa unavuja.

Usiku mmoja umeme ulikatika ankara zikiwa katikati, na betri za akiba hazikufua dafu. Uliporudi, kijana wa zamu aliiendesha skripti tena tangu mwanzo. Kulipokucha, wateja wa herufi A hadi K walikuwa wamedaiwa mara mbili, na kaunta imejaa watu.

Dada alivuta kiti, akafungua faili.

“Mdogo wangu, hii niliiandika nilipokuwa naiendesha mwenyewe. Ikikwama, naona. Siku hizi inaendeshwa na mtu asiyejua ndani kuna nini.”

Tuliishughulikia pamoja mpaka jioni. Ankara sasa ziliandikwa kwenye faili la muda, na zikikamilika zote ndipo jina lilibadilishwa kwa amri ya mv. Ndani ya mfumo uleule wa faili, jina ama limebadilika ama bado, hakuna nusu. Tukaweka na kufuli la kuzuia isiendeshwe mara mbili kwa wakati mmoja. Hilo lilituchosha, kwa sababu umeme ukikatika kufuli hubaki limefungwa. Ikabidi tuandike ndani yake namba ya mchakato, ili skripti ihakikishe kama mwenye kufuli bado yupo hai.

Ilibaki Bash ileile, bila hata mstari mmoja wa C. Kwangu mimi, siku ile ndipo ilipokuwa programu.

Kijana wa zamu ndiye aliyepewa jaribio: akazima seva kazi ikiwa katikati, akaiwasha, akaiendesha upya. Kila mteja alipata ankara moja. Dada akaniagiza niandike maelezo ya matumizi kwa Kiswahili, niyabandike karibu na seva, na hakukubali kwamba kazi imekwisha mpaka yule kijana alipoyasoma na kuifuata kila hatua bila kutuuliza.